Mwenye Kamera na Mwenye Kipenga

 

Leo tunataka tutembee pamoja mpaka uwanja wa michezo wa shule, siku ya mashindano. Pale kando ya mstari wa chokaa hukutana watu wawili. Mmoja ni kijana aliyebeba kamera. Mwingine ni mwalimu au mzee aliyebeba kipenga, au beji, au funguo za lango. Hawa wawili wangepaswa kuwa marafiki, kwa maana wote wamekuja kwa ajili ya watoto wale wale. Lakini mara nyingi, ndugu zetu, huwa kama paka na panya.

Tumeleta neno hili kwa sababu vijana wengi wa makanisa yetu siku hizi wanapiga picha za michezo. Wengine wana kamera nzuri, wengine wana simu tu, na wanazipiga kwa ajili ya gazeti la shule, au ukurasa wa vijana, au kwa ajili ya wazazi. Nao wanatulalamikia. Wanasema wamefukuzwa uwanjani kama wezi. Wameambiwa wafute picha. Wameitwa wapelelezi. Wengine wameombwa chai langoni. Kijana mmoja alituambia yuko karibu kuiuza kamera yake anunue mbuzi, maana mbuzi hana maneno. Nasi ambao tumezunguka viwanja hivi kwa miaka mingi tukitafuta picha za vijana, tulicheka, kisha tukanyamaza, kwa sababu tunajua anasema nini.

Kwanza tuulize, je, picha yenyewe ina thamani gani hata mtu agombane kwa ajili yake? Fikirini baba mmoja anayelinda lango la kampuni huko Mombasa, usiku kucha, na binti yake anaruka juu kwenye mashindano ya kaunti huko Kakamega. Baba huyo hatapewa ruhusa aende. Nauli nayo hana. Binti akiruka, ameruka. Jambo lenyewe limekwisha kwa muda wa kupepesa jicho. Wengi wa watoto hawa hawatafika mashindano ya taifa, wala ya Afrika Mashariki. Wataishia kaunti ndogo, watamaliza shule, watalima, wataoa na kuolewa. Siku ile moja ambayo mwili wao ulipaa, na watu mia tatu wakapiga makelele, hawatairudia. Kama hakuna aliyeipiga picha, itabaki katika maneno tu, na wajukuu hawatayaamini.

Kwa hiyo kazi hii si mchezo. Lakini mtazameni na yule afisa. Mara nyingi yeye ni mwalimu wa darasani ambaye amepewa michezo juu ya kazi zake nyingine. Ameamka alfajiri kuhakikisha chokaa imemwagwa na nyavu zimefungwa. Basi moja limechelewa. Timu moja imekuja bila vyeti vya kuzaliwa. Maharagwe ya chakula cha mchana hayajaiva. Mwalimu wa shule jirani anamfuata nyuma akidai mechi irudiwe. Mzazi mmoja anamtukana. Naye usiku ndiye atakayeulizwa kama mtoto amevunjika mguu au amepotea. Katikati ya hayo yote unatokea wewe, humjui naye hakujui, umesimama na lenzi ndefu mbele ya macho yake. Je, ungekuwa yeye, ungekukaribisha kwa wimbo?

Tena, wapenzi, si kila ukali ni uovu. Kuna ukali unaookoa maisha. Katika riadha, wapiga picha wapya hupenda kuingia katikati ya uwanja wa nyasi, kwa sababu ndiko kunakotoka picha nzuri. Na huko ndiko kunakotua mkuki. Mkuki wa wavulana walio chini ya miaka 18 una uzito wa gramu 700, na wa wasichana gramu 500. Ukisema gramu 500 unafikiri ni pakiti ya majani ya chai. Lakini huo ni mti wenye ncha ya chuma, unatoka juu, na haupigi kelele unapokuja. Kisahani nacho kikimponyoka mtoto mikononi hakichagui mahali pa kwenda. Mtu akiwa na jicho moja ndani ya kamera na jingine amelifumba, haoni kitu kingine duniani ila kile kidogo kilicho ndani ya kioo. Basi afisa akikupigia makelele, „Wewe! Toka hapo!“ bila kusema tafadhali, toka kwanza. Adabu mtaizungumzia baadaye, mkiwa nyote wawili hai.

Vivyo hivyo mwanzishaji wa mbio. Huyu huwaudhi vijana wengi, maana hataki mtu asogee, hataki mlio wowote, hataki kamera karibu na wakimbiaji wanapoinama. Wanamwita mwenye maringo. Lakini tangu 2010 kanuni za riadha za dunia zimekuwa hazimwachilii mkimbiaji wa mbio fupi hata kosa moja. Akitoka kabla ya bunduki, ametolewa. Mtoto amefanya mazoezi mwaka mzima, asubuhi kabla ya uji, kisha kamera yako inalia „kacha“ nyuma ya masikio yake, anashtuka, na safari yake imeishia hapo. Mwanzishaji anajua hivyo. Simama mbali, utulie kama mti, upige bunduki ikishalia. Uso wa mkimbiaji wakati huo ndio wenye picha hata hivyo.

Na katika kandanda, sheria za mchezo zinamwambia refa asimruhusu mtu asiye na ruhusa kuingia uwanjani. Mguu wako ukivuka mstari kwa sababu goli limefungwa na unataka picha ya shangwe, refa akikutoa hana chuki na wewe. Keti nyuma ya mstari wa goli, kando kidogo, usimzibe mtu, na ile taa ya kamera izime kabisa, isimwangaze mlinda lango machoni. Vitu vidogo hivi vikishikwa, ugomvi nusu nzima umekwisha kabla ya kuanza.

Sasa tuje kwenye ile nusu nyingine, ambayo ni ngumu.

Katika kaunti moja ya magharibi palikuwa na mwalimu aliyesimamia netiboli ya wasichana. Mtu mrefu, mwenye kofia ya majani, na sauti ya kuamrisha. Huyo hakutaka kamera hata moja. Alimfukuza kijana wa gazeti la kaunti. Alimfukuza mwalimu mwenzake aliyekuwa na simu. Tulipofika na barua yetu ya ruhusa, aliisoma mpaka mwisho, akairudisha, akasema, „Barua ni yenu. Watoto ni wangu.“ Akatuonyesha njia ya kutokea.

Tungeweza kwenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa mashindano, na barua tulikuwa nayo. Tulikaa nje ya kamba, tukatazama mchezo kama watu wengine, kamera zikiwa ndani ya mfuko. Saa ya chakula tulimwona ameketi peke yake chini ya mwarobaini, anakula ugali. Tukamwendea, tukamsalimu, „Shikamoo mwalimu.“ Akaitikia, marahaba, kwa shida. Tukaomba kuketi. Hatukutaja picha. Tulimwuliza juu ya yule msichana mdogo anayecheza katikati, jinsi anavyoruka kama panzi. Hapo uso wake ukafunguka. Akazungumza juu ya wasichana wake mmoja mmoja, nani hana baba, nani hutembea kilomita ngapi, nani angekuwa daktari kama karo ingepatikana.

Kisha akanyamaza, akasema mwenyewe. Mwaka uliotangulia alikuwa na mfungaji ambaye hapakuwa na mfano wake katika kaunti nzima. Mtu mmoja alikuja na kamera, akasema ni wa gazeti. Akapiga picha za msichana yule alipoanguka, sketi imepanda. Baada ya siku mbili picha ile ilikuwa katika simu za mji mzima, na maneno machafu yameandikwa juu yake. Msichana alirudi nyumbani. Mama yake alimwendea mwalimu shuleni, hakupiga kelele, alimwuliza tu, „Mwalimu, wewe ulikuwa wapi?“ Msichana hakurudi uwanjani tena. „Sasa ninyi mniambie,“ akasema, „nitajuaje ninyi ni wa namna gani?“

Ndugu wasikilizaji, hilo ni swali la haki, na barua yenye mhuri hailijibu. Afisa ambaye tulidhani ni mgumu alikuwa amesimama mahali pa mzazi. Tukamwuliza, „Mwalimu, ungetaka tufanye nini?“ Akafikiri. Akasema tupige wakiwa wamesimama au wameruka, si wakiwa wameanguka. Tusiandike majina yao pamoja na vijiji vyao. Na jioni tumwonyeshe kila picha kabla hatujaondoka, na ile atakayoikataa ifutwe mbele yake. Tukakubali. Jioni tuliketi naye kwenye benchi, tukazipitia zote, mia mbili na zaidi, mpaka jua likazama. Alikataa 9. Tulizifuta. Siku ya fainali alituweka ndani ya kamba yeye mwenyewe, na mtu mwingine alipotaka kutuondoa, akasema, „Waacheni, hao nimewakagua.“

Vijana wengine wakisikia hivi husema, lakini mpiga picha ni mtu huru, kwa nini afute? Tuseme wazi. Mtu asikulazimishe kufuta kwa vitisho. Lakini mtoto si mali ya mpiga picha. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 53, inasema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, manufaa ya mtoto ndiyo yatangulie. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya kila mtu. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa, na picha ya uso wake ni habari zake. Sheria hiyo imeacha nafasi kwa kazi ya uandishi wa habari, ndiyo, lakini si mlango wa kupitisha kila kitu. Mnamo Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Shule yenyewe, si mgeni! Kwa hiyo mwalimu mkuu akisitasita leo unapomwomba ruhusa ya kupiga picha, usiseme amekuwa mshamba. Huenda amesoma gazeti kuliko wewe.

Lakini hapa lazima tuwatahadharishe, kwa sababu si kila afisa anayesema „nawalinda watoto“ anawalinda watoto. Kuna wanaojilinda wenyewe.

Ninyi mnaofuata michezo ya shule mnalijua neno mamluki. Mchezaji ambaye si mwanafunzi wa shule ile, au ambaye miaka yake imezidi, anavalishwa jezi na kupewa jina la mtu mwingine. Ugonjwa huu ni wa siku nyingi katika viwanja vyetu. Na kamera ni adui wa mamluki, kwa sababu sura haibadiliki kama jina. Picha ya mwaka huu ikiwekwa kando ya picha ya mwaka juzi, jezi tofauti, jina tofauti, uso ule ule, maneno yameisha.

Basi katika mechi moja ya kandanda, kulikuwa na mlinzi wa nyuma mwenye ndevu za kunyolewa asubuhi ile ile. Watu walikuwa wakicheka. Tulipokwisha kupiga kipindi cha kwanza, mlezi wa timu alitujia na watu wawili, akatutaka tufute picha zote za nambari 5. Tukauliza kwa nini. Akasema, „Mnaingilia haki za mtoto.“ Na mikono yake ilikuwa imekwisha kuishika kamba ya kamera.

Hapo mtu anafanya nini? Hatukuvutana naye. Mkivutana, kamera itaanguka, na atakayeonekana mgomvi ni wewe. Tulisema polepole, kwa sauti ambayo hata mshika kibendera aliisikia, „Mwalimu, tutakwenda sote kwa msimamizi wa mashindano, na atakalosema tutalisikiliza. Lakini kamera tutaibeba wenyewe.“ Mwenye uwanja ana haki ya kukutoa uwanjani mwake, na akikutoa, toka. Kukunyang'anya chombo chako ni jambo lingine. Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali ya mtu. Basi tukaenda, watu wanne nyuma yetu, kama maandamano ya harusi. Kwa msimamizi tulieleza maneno matatu tu. Kwamba hatutaichapisha picha ya kijana yule. Kwamba hatutazifuta pia. Na kwamba jopo la rufaa likizitaka, liandike, nasi tutazitoa. Msimamizi alimtazama mlezi. Mlezi akasema hakuna haja ya kulifikisha jambo mbali. Kipindi cha pili nambari 5 hakuingia. Walisema amepata maumivu ya goti.

Mtu atauliza, kwa nini hamkuichapisha, watu wakajua? Tulishauriana juu ya hilo, na wengine katika chumba chetu cha kazi hawakukubaliana. Lakini yule kijana, hata akiwa na miaka 20, hakujisajili mwenyewe. Aliahidiwa kitu, pengine karo, pengine mahali pa kulala na chakula mara tatu. Waliomwahidi hawakuwa ndani ya picha. Tungeuchapisha uso wake, yeye ndiye angebeba aibu ya watu wazima, nao wangetafuta mwingine muhula ujao. Ushahidi upelekwe kwa wanaohukumu. Hilo ndilo lilikuwa shauri letu, na wasiolikubali wanatulaumu mpaka leo.

Na sasa langoni. Huku ndiko vijana wengi wanakokatishwa tamaa. Askari anasema jina lako halimo. Unamwonyesha barua, anasema barua hii ni ya zamani. Unamwambia ni ya jana, anasema mkubwa hayupo. Kisha anatazama pembeni na kusema jua ni kali, hata chai hatujanywa.

Tumesimama kwenye lango la namna hii saa mbili nzima, tukisikia shangwe ndani, na kila shangwe ilikuwa picha iliyotupita. Mmoja wetu alisema, „Ni shilingi 100 tu, tumpe twende.“ Ni kweli, shilingi 100 si kitu. Lakini kijana aje nyuma yako kesho na kamera yake ya kuazima, mfuko mtupu, naye atakuta bei imekwisha kuwekwa. Na ni nani aliyeiweka? Hatukutoa. Tulikwenda kwenye dirisha la tiketi, tukalipa kiingilio kama watu wengine, tukapewa risiti, tukaketi na wanafunzi kwenye majukwaa. Picha zetu siku hiyo zilikuwa za mbali, zenye vichwa vya watu mbele. Moja ilikuwa nzuri: wasichana wa shule ya bweni wameshikana mikono, macho yote upande mmoja, penalti inapigwa. Nyingine hazikufaa kitu.

Katika Maandiko yuko mtu mmoja aliyeifahamu sana kazi ya malango. Nehemia, alipotaka kwenda kuujenga ukuta wa Yerusalemu, hakuanza safari kwa moto wa moyo peke yake. Alimwomba mfalme barua kwa wakuu wa ng'ambo ya Mto wampitishe, na barua nyingine kwa mlinzi wa msitu wa mfalme apewe miti. Aliomba kwa Mungu, na akaomba barua. Vijana wetu hupenda kufanya moja na kuacha nyingine. Tena barua hazikuwaondoa akina Sanbalati, waliendelea kumdhihaki. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba ameingia kwa mlango wa nyuma.

Basi fanyeni vivyo. Barua iandikwe mapema, juma moja au mawili kabla, kwa mwalimu mkuu wa shule yenye uwanja na kwa katibu wa mashindano. Iseme wewe ni nani, umetumwa na nani, picha zitatumika wapi, na nani anaweza kupigiwa simu. Itiwe sahihi na mtu anayejulikana, mchungaji au mwalimu. Chukua nakala mbili, moja ibaki kwa askari wa lango, maana mtu akishika karatasi mkononi ana kitu cha kumwonyesha mkubwa wake. Kama wewe ni mwandishi wa habari, chukua kitambulisho cha Baraza la Vyombo vya Habari. Kama si mwandishi, usijifanye; yule aliyemharibia msichana wa netiboli aliingia kwa kujifanya. Na ufike mapema kabla ya timu, askari akiwa bado hajachoka na jua halijamchoma. Saa moja ya asubuhi kila mtu ni mtu mwema.

Tuwape na mfano wa mbali kidogo. Huko Marekani, mwezi wa Aprili 1967, msichana mwanafunzi wa chuo kikuu, Kathrine Switzer, mwenye umri wa miaka 20, aliingia katika mbio za marathoni za Boston akiwa na nambari 261. Wakati huo wanawake hawakukubaliwa rasmi katika mbio hizo. Afisa mmoja wa mbio, Jock Semple, aliruka kutoka gari, akamkimbilia na kujaribu kumng'oa nambari yake. Wapiga picha walikuwa karibu, na picha zile zikaenea ulimwenguni. Zimemwonyesha Semple akiwa amekunja uso, vidole vimeshika nguo ya msichana, na mpaka leo watu wengi hawamjui kwa jambo jingine. Wanawake walikubaliwa rasmi mwaka 1972. Na mwaka 1973, pale pale kwenye mstari wa kuanzia, Semple alimwendea Switzer akambusu shavuni mbele ya kamera. Baadaye wakawa marafiki. Picha ya kwanza mtaiona kila mahali. Ya pili ni wachache walioiona. Zote mbili ni kweli. Mpiga picha aliyekwenda nyumbani mwaka 1967 akiwa na chuki juu ya mzee yule, na asirudi tena, angekuwa na nusu ya habari.

Tuna neno moja zaidi kuhusu maafisa, halafu muda wetu utakuwa umekwisha. Ninyi vijana, katika picha zenu elfu moja za michezo, ni ngapi za refa? Ni ngapi za yule mama anayeandika matokeo kwa kalamu mezani, upepo ukipeperusha karatasi? Ya mwalimu anayemwaga chokaa? Refa hupigwa picha akikosea tu. Nasi tumejaribu kwa miaka michache sasa kuwapiga picha wakiwa kazini, kisha kuisafisha picha kwenye karatasi, si kuituma kwa simu tu, na kumpelekea mwenyewe mkononi.

Refa mmoja wa kandanda ya wasichana, mtu mkali sana, ambaye alikuwa amewahi kutuhamisha mara tatu katika mechi moja, tulimpiga akiwa hewani, miguu yote miwili imeacha ardhi, anakwepa mpira, kipenga kinywani, mashavu yamejaa. Tulimpelekea picha hiyo muhula uliofuata. Aliishika kwa pembe asiichafue. Akatwambia amepuliza kipenga kwa miaka 22 na hii ndiyo picha yake ya kwanza akiwa kazini. Akauliza kama ingewezekana kupata nyingine, ampelekee mama yake, kwa maana mama yake hajapata kuelewa ni kazi gani hii anayoifanya kila Jumamosi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya walezi wa timu na chakula cha watoto safarini. Wenye maswali watuandikie mapema. Kwaherini.